Asali kwa lita au kwa kilo: jinsi ya kuchagua, na hesabu ya kuvuka kutoka moja kwenda nyingine

Msimu wa kurina uliopita nilikuwa nyumbani kwa mzee mmoja wa Sikonge, mkoani Tabora. Barazani kwake kulikuwa na ndoo tatu za lita 20, asali imeshachujwa na kutulia, mifuniko imebanwa. Wanunuzi wawili walikuwa wamepita. Wa kwanza alitaja shilingi 10,000 kwa lita. Wa pili alitaja 8,000 kwa kilo. Mzee alikuwa ameelekea kwa wa kwanza, na aliponieleza sababu sikushangaa, kwa maana nimeisikia mara nyingi: "Mwanangu, elfu kumi si inaipita elfu nane?"

Ingeipita kama lita na kilo vingekuwa kitu kimoja. Kwa maji ni kama kitu kimoja, na hapo ndipo mazoea yetu yalipotoka. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, basi mtu anaamini kila ndoo ni hivyo. Lakini chukua dumu lile lile la lita 20: likijaa mafuta ya kula lina kilo 18.4 hivi, likijaa maji ni 20, likijaa asali iliyoiva ni kama 28.4. Chombo hakijabadilika. Kilichobadilika ni jinsi kitu kilivyoshikamana ndani ya nafasi ile ile, yaani msongamano wake, ambao vitabu vingine vya sayansi huuita densiti.

Kwa hiyo yule wa 8,000 kwa kilo alikuwa anatoa 8,000 mara 1.42, sawa na shilingi 11,360 kwa lita. Ndoo moja: 200,000 kwa mnunuzi wa lita, 227,200 kwa mnunuzi wa kilo. Ndoo tatu: tofauti ya shilingi 81,600. Pesa hiyo ingemponyoka mtu aliyelala porini siku kadhaa kwa ajili yake, na ingemponyoka bila mtu yeyote kumdanganya.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja. Tungamo, au masi, ambayo sisi sokoni tunaiita uzito, ni msongamano mara ujazo. Asali iliyokomaa ina msongamano wa karibu 1.42, maana yake kila lita ina kilo 1.42. Vitabu vinaweza kuandika gramu 1.42 kwa sentimita moja ya ujazo; usihangaike, ni namba ile ile. Ukitaka kuvuka upande wa pili, kutoka bei ya lita kwenda bei ya kilo, unagawa kwa 1.42. Kichwani, bila simu, toa asilimia 30 ya bei ya lita: 10,000 kwa lita ni kama 7,000 kwa kilo. Kutoka kilo kwenda lita, ongeza asilimia 40 na kidogo. Mtu akishika namba hizo mbili tu, tayari anaweza kulinganisha ofa yoyote ya asali inayomfikia.

Lakini kujua kuvuka hakujibu swali la pili: uuze kwa kipi, na ununue kwa kipi? Hapo kila upande una uzuri wake na mtego wake.

Upande wa lita

Uzuri wa lita ni kwamba haihitaji mizani. Kijijini ndoo ipo, dumu lipo, chupa ya maji ya lita moja na nusu ipo. Mama anayeuza asali barabarani Tabora hana haja ya betri wala stika ya ukaguzi. Mteja anaona chupa imejaa, analipa, anaondoka. Na ujazo unaonekana kwa macho. Ukipunjwa nusu chupa utaiona nusu chupa.

Mtego ni kwamba ujazo hausomeki vizuri kama tunavyodhani. Kwanza, ndoo inayoitwa ya lita 20 si lazima iwe na lita 20 pale asali inapogusa ukingo. Ndoo nyingi huchukua zaidi zikijazwa pomoni. Lita 20 ni ule mstari wa ndani, kama upo, na wanunuzi wengi wa lita hawataki kuujua mstari. Wanataka ijae mpaka mfuniko uloe. Wakulima wa viazi na vitunguu wanaijua lumbesa, gunia linaloota kichwa na kulipwa kama gunia moja. Ndoo iliyojazwa mpaka ukingoni na kulipwa kama lita 20 ni lumbesa hiyo hiyo, ila ya kimiminika.

Chukua ndoo yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 30. Eneo la duara lake ni sentimita za mraba 707 hivi. Kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni mililita 707, ukizidisha kwa 1.42 unapata gramu 1,004. Kila sentimita ya asali kwenye ndoo hiyo ni kilo moja kamili! Sentimita moja juu ya mstari, au sentimita moja ya povu chini yake, ni karibu kilo nzima imehama mfuko. Tangu nilipoifanya hesabu hii, kila nionapo ndoo ya asali ninaangalia kwanza juu.

Povu nalo ni hewa. Asali iliyokamuliwa leo na kumiminwa leo ina mapovu madogo hata katikati, na hewa inachukua nafasi bila kuleta uzito. Iache itulie siku mbili tatu ikiwa imefunikwa, povu lipande, uliondoe, kisha usome. Joto pia lina neno lake. Asali iliyoanikwa juani au kupashwa ili ichujike haraka hutanuka kidogo. Tofauti haifiki asilimia 2, lakini ipo, na anayepima lita za moto atapokea lita pungufu zikipoa. Asali iliyoganda ndiyo usiipime kwa lita kabisa, maana haijai pembe za chombo na huwezi kujua ndani kuna matundu kiasi gani.

Upande wa kilo

Kilo haijali joto, haijali povu, haijali kama asali imeganda au inatiririka. Kilo 28 za asubuhi ni kilo 28 za jioni. Ndiyo maana biashara kubwa ya asali, ya mapipa na makontena, huenda kwa kilo na kwa tani. Mtu akikuambia bei ya kimataifa ya asali, anazungumzia kilo, na ukiigeuza kuwa bei ya lita bila kuzidisha umejiumiza mwenyewe.

Mtego wa kilo ni mmoja, lakini ni mkubwa: mizani ni ya nani, na nani ameihakiki. Nchini kwetu Wakala wa Vipimo ndio wanaokagua mizani ya biashara na kuiwekea alama. Mizani ya saa inayoning'inizwa kwenye tawi la mwembe na mnunuzi anayepita na pikipiki, mara nyingi sioni alama yoyote.

Siku ile kwa mzee ilikuwa hivyo. Mnunuzi wa kilo alirudi, tukaning'iniza ndoo ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu: asali imefika mstari wa lita 20, ndoo tupu ni kilo 1, kwa hiyo mshale usimame kwenye 29.4 au karibu yake. Ulisimama kwenye 26.5.

Kosa la kilo karibu 3 haliwezi kutoka kwenye msongamano. Ili lita 20 ziwe na kilo 25.5, asali ingekuwa na msongamano wa 1.275, na hiyo ingekuwa nyepesi inayomwagika kama juisi, wakati ya mzee ilikuwa inashuka kwenye kijiko kama kamba. Basi tukaomba ndoo nyingine ya aina ile ile, tukaijaza maji mpaka mstari ule ule. Maji hayana siri: lita 20 ni kilo 20, na ndoo 1, jumla 21. Mizani ikasoma 19. Mnunuzi mwenyewe alitazama mshale kwa muda mrefu, akasema springi imechoka. Sikuwa na sababu ya kubishana naye. Tulipelekana kwenye ghala la kijiji lenye mizani ya jukwaa, ikatoka 29.3 pamoja na ndoo.

Sasa tazama maana yake kwa anayechagua. Kwa mizani ile ya mwembeni, mzee angelipwa kilo 25.5 mara 8,000, shilingi 204,000. Kwa lita angelipwa 200,000. Faida yote ya 27,200 aliyokuwa nayo kwa kuchagua kilo ingebaki 4,000, na yeye angerudi ndani akiamini amechagua vizuri. Kwa hiyo ninaposema kilo ni kipimo bora, na ninasema hivyo, ninamaanisha kilo inayosimamiwa na hesabu ya lita. Bei iwe ya kilo, lita iwe shahidi. Asiye na namba yake kichwani kabla mshale haujasimama hana namna ya kujua mshale umesema nini.

Msongamano unabadilika kiasi gani?

Watu huniuliza: je, kama asali yangu si 1.42? Swali zuri. Msongamano wa asali ya nyuki wakubwa, wale wanaouma, hutegemea zaidi maji yaliyomo. Nyuki wenyewe wakiyafunika masega, maji yameshapungua. Mtu akirina mapema, masega hayajafunikwa, maji ni mengi. Kwa joto la nyuzi 20 namba ziko hivi:

| Maji ndani ya asali | Kilo kwa lita | Ndoo ya lita 20 |
|---|---|---|
| asilimia 16 | 1.430 | kilo 28.6 |
| asilimia 18 | 1.417 | kilo 28.3 |
| asilimia 20 | 1.403 | kilo 28.1 |
| asilimia 21 | 1.395 | kilo 27.9 |

Tazama safu ya mwisho. Kutoka asali nzito sana hadi asali iliyovuka mpaka wa ubora (kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20), ndoo imepungua gramu 700 tu. Linganisha na ile sentimita moja ya kina yenye kilo nzima. Kosa lako kubwa halitatoka kwenye msongamano, litatoka kwenye ujazo. Basi usipoteze usingizi ukitafuta kama ni 1.41 au 1.43. Tumia 1.42, kisha nguvu zako zote uziweke kwenye kusoma mstari wa ndoo, ndoo ikiwa imekaa sawa, povu limeondolewa.

Jedwali hilo lina habari nyingine ya kusikitisha kidogo: ndoo peke yake haimkamati anayetia maji. Tuseme mtu ana lita 19 za asali safi yenye maji asilimia 17.5, anaongeza lita moja ya maji. Lita 19 ni kilo 26.98, na maji kilo 1, jumla 27.98. Ndoo nzima safi ingekuwa 28.4. Tofauti ni gramu 420, inafichwa na nusu sentimita ya kina. Lakini maji ndani yake yameshafika asilimia 20.4, na asali hiyo ina hatari ya kuchachuka ikikaa. Hapo kinachohitajika ni rifraktomita, kile kipima unyevu unachodondoshea tone na kuchungulia kwenye mwanga. Na anayechanganya sharubati nzito ya sukari iliyochemshwa mpaka ifanane na asali, huyo msongamano hauwezi kumkamata hata kidogo.

Hata hivyo kilo inampunguzia mchakachuaji hamu. Akiuza kwa lita, lita yake ya maji inalipwa 10,000 kamili kama asali. Akiuza kwa kilo, kwa bei inayolingana ya 7,000, lita ile ya maji ni kilo moja tu, analipwa 7,000. Si dawa kamili, ila ni sababu moja zaidi ya mimi kupenda kilo.

Basi wewe uchague nini

Mrina asali mwenye ndoo na asiye na mizani: taja bei yako kwa kilo hata kama utapima kwa lita. Sema, "Ndoo hii ni lita 20, ni kilo 28.4, kwa 8,000 ni 227,200." Mnunuzi akileta mizani, ijaribu kwanza kwa ndoo ya maji mbele ya macho ya wote. Hakuna aibu. Anayekasirika kwa sababu ya ndoo ya maji ameshakueleza jambo.

Anayenunua kwa jumla achukue kilo, na rifraktomita juu yake. Lita umwachie anayenunua chupa mbili za nyumbani, ambapo kosa ni dogo na urahisi ni mkubwa.

Mnunuzi wa dukani ndiye huchanganywa zaidi, kwa sababu rafu moja inaweza kuwa na chupa iliyoandikwa gramu 500 na nyingine iliyoandikwa mililita 500, na jicho linaona "500" mbili. Si sawa hata kidogo. Gramu 500 za asali hujaza mililita 352 tu. Mililita 500 zina gramu 710. Kama ya gramu 500 ni shilingi 7,000 na ya mililita 500 ni 8,500, ya kwanza inakugharimu 14,000 kwa kilo na ya pili chini kidogo ya 12,000. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Nunua hiyo, kama ubora unalingana.

Anayesafirisha naye apige hesabu kabla ya kupakia. Madumu mawili ya lita 20 nyuma ya bodaboda yanaonekana kama madumu mawili ya maji, lakini ni karibu kilo 57, si 40. Pipa la lita 200 ni kilo 284 bila pipa lenyewe. Nimeona mpini wa dumu jembamba ukikatika njiani, na asali haizoleki mchangani.

Pale ambapo 1.42 haifai

Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni habari nyingine. Kwa kawaida ina maji mengi zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 25 na 35, na hiyo si kasoro, ndivyo ilivyo. Msongamano wake hushuka chini ya 1.38. Ukiipigia hesabu kwa 1.42 utamdai mnunuzi kilo ambazo hazipo, na utamshuku bure mwenye mizani nzima. Kwa kuwa huuzwa kidogo kidogo na kwa bei ya juu, lita na chupa zinaifaa. Lakini ukiulizwa kilo, pima, usikisie.

Sega zima usilipigie hesabu yoyote ya ujazo. Ndani kuna nta, asali, vyumba vitupu, pengine na chavua. Liweke kwenye mizani basi.

Na kama unataka namba ya asali yako mwenyewe badala ya kuazima ya kwangu, tafuta mizani ya jikoni inayosoma gramu na chupa moja ndogo ya maji. Pima chupa tupu: tuseme gramu 20. Ijaze maji mpaka mdomoni: 540. Yamo maji gramu 520, basi nafasi yake ni mililita 520, hata kama karatasi yake imeandikwa 500. Ikaushe kabisa, ijaze asali iliyotulia mpaka mdomoni pale pale: 758. Asali ni gramu 738. Gawa 738 kwa 520, unapata 1.419. Hiyo ndiyo asali yako. Iandike kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa ndoo pamoja na tarehe ya kurina, kwa sababu ya msimu ujao, ya maua mengine na mvua nyingine, utaipima upya.

Mzee wa Sikonge aliandika 1.42 kwenye mlango wa stoo yake kwa mkaa. Chini yake ameongeza mstari wa pili ambao sikumfundisha mimi: 21, uzito wa ndoo yake ikiwa na maji.